Shangazi Rangi na Eksi Nyekundu za Ziwa la Pili

Ijumaa ya wiki hii, siku ya mwisho ya mwezi, mwenzetu ambaye hifadhi nzima inamwita Shangazi Rangi atarudisha funguo, buti na brashi zake, na kustaafu baada ya miaka thelathini na mbili katika Idara ya Njia za Miguu. Aliingia akiwa kibarua wa msimu mmoja, wa kufyeka nyasi. Anatoka akiwa Msimamizi Mkuu wa Njia, cheo ambacho kabla yake hakikuwepo na ambacho, kwa tetesi za koridoni, baada yake hakitakuwepo.

Nimeombwa niandike kitu kifupi na chenye furaha. Kwenye furaha nitajitahidi. Mimi ni mtunza stoo, na kwa miaka mingi nimempa mama huyu rangi, mapanga na sururu, nikapokea maneno makali kila brashi zilipomfikia zimekauka. Jarida letu huchapwa kwenye mashine iliyo chumba cha nyuma ya stoo, na ufunguo wa chumba hicho unakaa mfukoni mwangu. Kwa hiyo mtakayoyasoma ni niliyoyaandika, hayajapita kwenye kikaango cha mtu.

Wageni kazini wanaodhani hifadhi hii ilikuwa hivi tangu enzi, wajue kwamba zamani palikuwa na vilima, msitu na maziwa matatu, na mtu wa kuyafikia hayo maziwa hakuwepo. Waliokuja walisimama getini, wakatazama kilima cha kwanza, wakala mayai yao ya kuchemsha, wakarudi nyumbani. Njia ya Maziwa Matatu, hii ambayo leo iko kwenye kadi zote za posta tunazouza pale dirishani, ilikuwa ni njia ya ng'ombe iliyoishia kwenye tope. Shangazi Rangi ndiye aliyeitoa kwenye tope hilo. Alichimba mitaro ya kuchepusha maji, akapanga mawe ya ngazi kwenye mteremko wa kilima cha pili, akalaza magogo pale panapovuja chemchemi. Kisha akachukua kopo la rangi aanze kuweka alama.

Hapo ndipo alipofanya kosa lililompa jina. Hakuna aliyemwambia kwamba idara ya mbao nayo hutumia rangi, na kwamba mti wenye rangi nyekundu kwao maana yake ni moja tu: angusha. Shangazi alipenda nyekundu kwa sababu inaonekana mbali. Akapaka alama safi, nzuri, mti kwa mti, kuanzia ziwa la kwanza hadi la pili, akaenda zake kwenye mapumziko ya mwisho wa wiki akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Jumatatu alipanda kilima na kukuta njia nzima iko peupe. Wakata miti walipita. Walifuata alama zake kwa uaminifu kuliko mgeni yeyote aliyewahi kuzifuata baada yao, na kila mti aliouchagua uwaonyeshe watu njia ulikuwa umelala chini na alama yake ikitazama mawingu.

Sisi tuliokuja baadaye tumecheka sana kisa hiki, na yeye mwenyewe hukisimulia akiwa wa kwanza kucheka. Lakini mumewe aliwahi kuniambia kwamba siku ile mkewe alirudi nyumbani hakula, akakaa kwenye kiti cha cherehani akiwa na buti zake za tope mpaka giza likaingia. Wiki iliyofuata alianza kupanda miche. Kando ya kila kisiki aliweka mche mmoja, akauwekea fito na kuumwagilia kwa ndoo aliyoipandisha kilimani kwa kichwa. Kibarua, kumbukeni, ambaye mkataba wake ulikuwa wa msimu mmoja. Msimu ulipoisha akaomba aongezewe kwa sababu miche ilikuwa bado haijashika. Nadhani ndiyo sababu hakuondoka tena.

Miche hiyo ndiyo miti ya ziwa la pili. Ndiyo kile kivuli kirefu ambacho wageni wamekipiga picha kwa miaka, na ambamo wengi wenu mmewahi kukaa mkila chakula cha mchana mkidhani kilipandwa na Mungu peke yake. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu tutarudi hapo, na tukirudi sitakuwa na tabasamu.

Tangu siku hiyo alipiga marufuku rangi nyekundu katika idara yake. Ni njano tu, tena juu ya mawe kila palipo na jiwe. Na alikuwa na namna yake ya kuweka alama ambayo hakuna kitabu kilichomfundisha. Kwanza hupiga magoti. Alama zetu ziko chini kidogo, na wakaguzi wameuliza mara nyingi kwa nini, naye huwajibu kwamba mtu mzima akipotea atauliza, mtoto akipotea atalia tu, kwa hiyo alama ni ya mtoto. Pili, kila jiwe lina rangi pande zote mbili. Njia ina kwenda na ina kurudi, husema, na anayepotea mara nyingi ni anayerudi, kwa sababu amechoka na ana haraka ya kwenda kuoga.

Tatu, kuna Mzee Kipimo.

Mzee Kipimo ni mume wa Shangazi Rangi, fundi cherehani, mtu mpole, na ni binadamu asiye na dira hata chembe. Hupotea sokoni, na hospitalini alikwenda kung'oa jino akajikuta kwenye foleni ya wajawazito, akakaa kwa sababu aliona aibu kuuliza. Mke mwingine angeona ni mzigo, lakini Shangazi aliona ni kifaa cha kazi. Kila njia mpya ilipokamilika, alimfungia mumewe chakula, akamshusha mwanzo wa njia na kumwambia watakutana mwishoni. Akitokea, njia inafunguliwa. Asipotokea, Shangazi anaingia msituni kumtafuta, na pale anapomkuta ndipo panapohitaji alama nyingine. Njia ya Maziwa Matatu alishindwa kuimaliza mara nne. Mara ya tano alitokea upande wa pili akiwa anaimba, na wafanyakazi wote walimpigia makofi, naye akauliza amefika wapi.

Siandiki haya ili tumfanye Shangazi malaika. Ana mdomo. Anaimba kazini, na anaimba vibaya. Utabiri wake wa mvua haujawahi kutimia hata siku moja. Akisema leo ni jua tupu, mimi huanza kugawa makoti. Aliwahi kugombana na mhasibu kwa sababu ya toroli hadi wakawa wanasalimiana kupitia kwa mlinzi. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mgeni hata mmoja aliyelala msituni kwa kupotea kwenye njia yake. Akina mama wazee wamefika ziwa la tatu kwa miguu yao na kurudi. Mwalimu wa shule iliyo ng'ambo ya vilima alileta darasa lake kila muhula, na watoto hao walikimbia mbele yake bila yeye kushtuka, kwa sababu alijua alama ziko usawa wa macho yao.

Basi. Furaha niliyoombwa nimeitoa. Sasa mniruhusu.

Mwaka jana tulipata meneja mpya. Ni haki yake kuja na mawazo mapya, na sisi si watu wa kukataa mapya. Wazo lake la kwanza lilikuwa kulifunga geti la juu, lile la kuingilia Njia ya Maziwa Matatu, kwa kufuli, ili mlinzi wake ahamishiwe kwenye maegesho ya magari. Wazo la pili lilikuwa kukagua ni wageni wangapi wanatumia njia hiyo. Akakuta hakuna. Nawaomba mlisome tena hilo polepole. Mtu amefunga mlango wa jiko, kisha anatangaza kwamba katika nyumba hii watu hawapendi kula! Na jambo hilo lilionyeshwa ukutani kwenye ukumbi wa mikutano, kwa michoro ya rangi, na wakubwa wakatikisa vichwa kukubali, na wakaletewa chai.

Wazo la tatu lilitokana na la pili. Kwa kuwa hakuna anayetembea, ijengwe barabara ya gari hadi ziwa la pili, ili wageni walione ziwa bila kuchoka. Bila kuchoka! Mtu ameacha kiti chake cha ofisini, amepanda basi, amenunua viatu, amekuja huku ili atembee, nasi tunamletea kiti kingine chenye magurudumu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi hatukuuacha mbacha tu, tuliamua tuuchane.

Akaja mpimaji na kopo lake la rangi ya kupuliza. Ile barabara, kama mnavyojua wote maana mmeiona kwenye ubao wa matangazo, ilipita katikati ya kivuli. Mpimaji alitembea nusu siku kati ya miti ya Shangazi, akipuliza eksi nyekundu, alama ya X, kwenye kila mti unaotakiwa kuondoka. Hakuna aliyemwarifu Shangazi. Msimamizi Mkuu wa Njia alizikuta eksi zile kama alivyovikuta visiki miaka thelathini na mbili nyuma: kwa kupanda kilima asubuhi na kutazama.

Alikwenda ofisini. Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimepeleka balbu. Hakupiga kelele, na mliomzoea mnajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Alisimama mbele ya meza na buti zake, akasema, “Bwana Meneja, hii miti nilishaiua mara moja. Siiui tena.” Meneja akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwenda semina ya upole. Akamwambia yaliyopita si ndwele, kwamba anauheshimu sana mchango wake, na kwamba kwa umri wake ingefaa aanze kufikiria mapumziko. Kisha akamuuliza angependa keki ya rangi gani siku ya kuagwa. Shangazi akasema njano, akatoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Wakata miti walikuwa waanze Jumatatu.

Jumapili, mchana kweupe, Shangazi Rangi alipanda kilima na Mzee Kipimo nyuma yake amebeba chakula na ndoo. Watu wameniuliza sana kuhusu rangi. Nasema tena, na kitabu changu cha stoo kiko wazi kwa anayetaka: rangi nyekundu haijatoka kwangu hata tone, kwa sababu yeye mwenyewe aliipiga marufuku. Aliinunua, ya kupuliza kama ya mpimaji, kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa pesa yake. Na Jumatatu Fundi Shoka, msimamizi wa wakata miti, alipofika na watu wake na misumeno yao, alikuta eksi nyekundu kwenye kila mti. Kila mti, ndugu zangu. Si njiani tu. Zilizunguka ziwa la pili lote, zikapanda kilima, zikashuka upande wa pili, zikapita nyuma ya vyoo vya wageni, na zikaishia kwenye ule mti mkubwa wa maegesho ambao chini yake meneja huweka gari lake lisipigwe na jua.

Sasa, Fundi Shoka si mtu wa jana. Miaka thelathini na mbili iliyopita, akiwa mgeni kazini na jina hilo bado hajalipata, alikuwa mmoja wa wale walioifuata rangi ya Shangazi na kuiangusha njia nzima. Wawili hawa wamekuwa marafiki tangu hapo, urafiki wa watu waliofanya balaa moja. Alisimama, akazitazama zile eksi, akaweka msumeno chini na kukaa juu yake. Walipompigia simu kutoka ofisini kuuliza kwa nini hawasikii ngurumo, alisema, “Mara ile nilikata bila kuuliza. Safari hii nauliza.” Na akauliza: ofisi imthibitishie kwa mdomo wa mtu mzima kwamba inataka aangushe msitu wote pamoja na mti wa maegesho. Hakupata mtu wa kumthibitishia. Akawapa watu wake ruhusa warudi nyumbani.

Shangazi hakuficha kitu. Alipoitwa alisema ni yeye, na kwamba ameweka alama kwa sababu kuweka alama ndiyo kazi waliyomwajiri.

Akapewa onyo rasmi. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga teke bila mhuri. Katika miaka thelathini na mbili hajawahi kuchelewa kazini isipokuwa siku aliyojifungua, na zawadi ya ofisi kwake, wiki mbili kabla ya kuagwa, ni onyo la “kuharibu miti ya hifadhi kwa kuipaka rangi.” Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikitafuta mahali pa kucheka. Kuupaka mti rangi ni kuuharibu. Kuukata ni maendeleo. Na mpimaji aliyeipaka kwanza, tena kwa mshahara, amepewa cheti. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na mimi nimeyaona ya Firauni kutoka dirisha la stoo.

Wakamrudisha mpimaji atenganishe eksi zake na za Shangazi. Tulikwenda wengi kutazama, nakiri kwamba kazi siku hiyo ililala. Mpimaji alisimama katikati ya miti, akaugusa mmoja, akaugusa mwingine, akajikuna kichwa. Shangazi amepaka rangi maisha yake yote. Eksi ya mtu anaweza kuiiga mpaka mwenye nayo aape kwamba ni yake. Barabara yenyewe ilichorwa juu ya ramani ya zamani, kabla miti haijaota, kwa hiyo ramani haimwambii kitu. Baada ya muda akasema angehitaji kuanza upya, na kuanza upya kunataka kibali kipya, na kibali kipya kinapitishwa na kikao cha wakubwa ambacho hukaa mara moja kwa mwaka. Meneja alirudi kwenye gari lake. Lilikuwa kivulini, chini ya mti wenye eksi.

Nataka nieleweke. Sina ugomvi na barabara, wala na meneja kama mtu. Salamu yake ni nzuri na watoto wake wana adabu. Nina ugomvi na tabia ya kumsubiri mtu afike mlangoni akiwa na mkoba mkononi, ndipo tuanze kung'oa alichojenga, kisha tumkatie keki. Kama kazi yake ilikuwa ya maana, iachwe isimame. Kama haikuwa ya maana, basi tusimpigie makofi Ijumaa. Kufanya yote mawili mchana mmoja ni kumfanya mtu mzima mjinga mbele ya mumewe na wanawe.

Sherehe ni saa nane mchana kwenye ukumbi wa mikutano. Sisi wa karakana, stoo na getini tumechanga na kumnunulia mwavuli mkubwa, kwa kuwa ameshatabiri kwamba siku hiyo ni jua tupu. Baada ya keki, wanaotaka watakwenda naye kwa miguu hadi ziwa la pili. Geti la juu litakuwa wazi. Ufunguo wa kufuli lile nao, nimegundua, uko kwenye msumari stoo kwangu.

Limebaki jambo moja, nalo nilitaka ofisi ilisome hapa kuliko kulisikia kwenye korido. Meneja amemwomba Shangazi, kwa heshima zote, apite msituni kabla ya Ijumaa awaonyeshe eksi zipi ni za mpimaji. Amejibu, kwa heshima hizo hizo, kwamba siku zilizobaki ni za likizo yake, na kuanzia Jumatatu yeye ni raia tu, akija hifadhini atakata tiketi na kufuata alama kama watu wengine. Sasa, Jumapili ile walikuwa wawili tu kule juu. Watu wawili duniani waliona kila eksi ikipakwa. Mmoja wao anastaafu. Mwingine ni Mzee Kipimo.

Shangazi Rangi, asante kwa mawe ya ngazi, kwa magogo ya chemchemi, kwa nyimbo ambazo masikio yetu yameshazisamehe, na kwa kivuli ulichokipandisha kilimani ndoo kwa ndoo. Tunakutakia maisha mema, miguu isiyouma, na asubuhi nyingi za kuamka bila kutafuta buti. Na simu ikilia kutoka namba ya ofisi, wewe endelea na chai yako. Mpe mumeo aipokee, awaelekeze njia.